Sekela anasubiri barua ya kumwita mgeni

Saa mbili asubuhi, Sekela Mwakikunga anageuza karanga kwenye karai kwa mwiko mrefu wa mbao. Anageuza bila kusimama, maana zikikaa upande mmoja kwa muda wa kufuta jasho tu, zinaungua na siagi yote inakuwa chungu. Hili ni karai la tatu tangu alfajiri. Bado mawili.

Yuko uani, nyuma ya nyumba anayopanga hapa Iyunga, jijini Mbeya. Malori yanasikika yakiunguruma kwenye barabara kuu. Kuna baridi, lakini yeye amevaa fulana tu na kitenge kiunoni. Mkono wa kulia ukichoka anahamishia mwiko kushoto.

"Huu wa kulia siku hizi hata kuchana nywele unakataa," anasema.

Sekela ana miaka thelathini na minane. Anatengeneza siagi ya karanga na kuiuza Mbeya na Iringa. Ni raia wa Malawi, na pasi ya muda inayomruhusu kuwa nchini inaisha baada ya siku kumi na moja. Ameomba kibali cha kuishi hapa kama mwenye biashara. Karatasi zote zimekamilika isipokuwa moja: barua ya mwenyekiti wa mtaa inayosema kwamba yeye ni mgeni.

Mwenyekiti aliombwa barua hiyo wiki tatu zilizopita. Hajaiandika.

"Angekuwa ananichukia, ningekuwa nayo tangu siku ya kwanza," Sekela anasema, na anacheka kidogo bila kuacha kugeuza.

Alizaliwa karibu na Kaporo, wilaya ya Karonga, ng'ambo ya mto Songwe. Watu wa kule ni Wangonde. Lugha yao na Kinyakyusa cha Kyela zinakaribiana sana, kiasi kwamba mtu wa huku na wa kule wanaelewana kuanzia salamu. Watu wa pande zote mbili wamezoea kuvuka kwenda msibani, harusini na sokoni.

Mwaka 2017 Sekela alivuka kuja kumsaidia binamu yake aliyekuwa amejifungua hapa Iyunga. Alibeba unga wa karanga wa kuungia mboga. Majirani waliokuja kumwona mtoto walikula mboga ile, wakauliza unga unapatikana wapi. Aliobeba ukaisha kwa siku mbili. Akanunua karanga, akakaanga, akatwanga kwenye kinu cha kuazima.

Binamu alipohama na mumewe, Sekela alibaki kwenye chumba kile kile.

"Sikuamua kuhama nchi," anasema. "Niliamua kumaliza gunia la kwanza. Halafu likaja la pili."

Miaka miwili baadaye alinunua mashine ya kusaga karanga ziwe siagi, iliyokwisha kutumika. Ili avutiwe umeme wa kuiendesha, aliambiwa alete barua ya utambulisho ya mtaa. Akaenda kwa mwenyekiti, Mzee Gerson, fundi seremala ambaye kila mtu hapa anamwita Baba Gerson. Mzee aliandika barua nzuri, akagonga muhuri, akamkabidhi. Sekela aliisoma njiani. Ilisema yeye ni mzaliwa wa Kyela.

"Sikumuuliza," Mzee Gerson anasema leo. "Alipofika alisema 'Ugonile', nikaitikia, tukaongea habari za mvua. Mtu anayekusalimia kwa lugha ya kwenu, unamdaije pasipoti? Nikaandika Kyela."

Sekela angeweza kurudi siku ile ile. "Nilisimama pale njiani. Nikasema nirudi nimwambie. Halafu nikakumbuka fundi wa umeme anakuja kesho. Nikaikunja, nikaiweka kwenye mkoba."

Barua hiyo ilikaa kwenye mkoba miaka mitano. Aliionyesha kwa mwenye nyumba. Aliionyesha alipojiunga na kikundi cha akina mama cha misiba. Hakuna aliyewahi kumtilia shaka, na yeye hakuwahi kulala vizuri.

"Polisi akipita na pikipiki, naacha kugeuza. Karanga zimeungua mara nyingi kwa sababu ya polisi ambaye anakwenda zake kunywa chai."

Biashara yenyewe si ya kutajirisha. Mwezi mzuri humwachia kama laki mbili na nusu baada ya kulipa pango, umeme na karanga. Mwezi wa umeme kukatika, haifiki hata laki. Kila Ijumaa hupanda basi kwenda Iringa na makopo kwenye maboksi, na kurudi kesho yake.

Ni Iringa ndiko mambo yalikobadilika. Mteja wake mkubwa kule ni Veneranda, mwenye duka la vyakula mjini anayeuzia pia shule za bweni kuelekea Tosamaganga. Mwaka jana Veneranda alimwambia kwamba shule zinataka siagi yake, makopo sitini kila wiki, lakini zinanunua kwenye kampuni iliyosajiliwa tu.

"Nikamwambia, kamwene mama, safari hii usiniletee makopo, niletee karatasi," Veneranda anakumbuka. "Akawa mweupe kama unga. Nikafikiri labda nimemtukana kwa Kihehe."

Fomu ya usajili ilitaka namba ya kitambulisho cha taifa. Sekela hakuwa nayo. Jirani yake Devotha, ambaye humenya na kupepeta karanga pamoja naye, aliona njia rahisi.

"Nilimwambia, dada, barua ya Kyela unayo, nenda kajiandikishe, nani atajua?" Devotha anasema. "Mbona wewe ni wa Kyela kuliko mimi? Mimi hata kupika ndizi za mbalaga sijui."

Sekela alikaa na fomu ya kitambulisho siku mbili. Alijaza jina. Alijaza tarehe. Alipofika kwenye mahali pa kuzaliwa, kalamu ilisimama.

"Mama yangu yuko hai kule Kaporo. Nikiandika Kyela, nimeandika kwamba nilizaliwa na mtu mwingine. Kukaa kimya nilikuwa nimezoea. Kuandika kwa mkono wangu sikuweza."

Jumatatu iliyofuata alikwenda mwenyewe ofisi ya uhamiaji, akaeleza yote na kukabidhi barua ya Kyela. Afisa alimuuliza mara mbili kama anaelewa anachosema. Sekela akalipa faini na kupewa siku saba za kuondoka, na maelekezo ya namna ya kuomba upya akiwa nje ya nchi. Mashine ikafunikwa kwa turubai.

Alikaa kwa mama yake miezi mitano akitafuta pasipoti na barua za kule. Huku nyuma Devotha alishughulikia usajili wa kampuni, wakiwa wabia wawili. Sekela alirudi kwa kupita mpaka wa Kasumulu, safari hii akiwa na pasipoti mkononi na pasi ya muda ndani yake. Ndipo uhamiaji walipoona kwenye faili ile barua ya zamani ya Kyela, wakaomba mtaa uandike nyingine ya kuirekebisha.

Hapo ndipo jambo lilipokwama. Akina mama wa kikundi cha misiba walisikia, wakaenda kwa mwenyekiti wakiwa sita. Tumpe, kiongozi wao, hafichi alichosema.

"Nilimwambia Baba Gerson, huyu ndiye aliyemwogesha mama yangu siku ya mwisho. Mabinti zake tulishindwa, yeye akaingia. Leo mumwandike mgeni? Basi na mimi niandikeni mgeni."

Mzee Gerson anasema hakuhitaji kuambiwa. Kila akishika kalamu, anaiweka chini.

"Kwetu mgeni ni mtu ambaye akifa, watu wanaanza kutazamana," anaeleza. "Wanaulizana, huyu tumpeleke wapi, ndugu zake ni akina nani. Kumwandikia mtu neno hilo na kugonga muhuri wa mtaa ni kumwambia hana mtu hapa. Nitampitaje barabarani?"

Jumatano mchana, baada ya karai la mwisho, Sekela ananawa mikono na kwenda kwa mzee. Anamkuta kwenye karakana yake, akipiga randa ubao wa kitanda. Tumpe yupo pia, amekuja kudai stuli yake. Sekela anapiga goti, anasalimia, na kukaa juu ya gogo.

"Baba, zimebaki siku kumi na moja," anasema.

"Najua, mwanangu. Nahesabu na mimi."

"Zikiisha wananitoa. Wakinitoa mara ya pili, sirudi."

Mzee anaendelea na randa. "Nitaandika kwamba wewe ni mwenzetu. Hiyo naandika hata sasa hivi."

"Hiyo ndiyo uliyoandika mwanzo, baba. Ndiyo iliyonifunga."

Tumpe anaingilia. "Lakini Sekela, neno gani hilo la kujiombea mwenyewe? Watu watasemaje?"

"Dada Tumpe, nimechoka," Sekela anamjibu polepole. "Nyinyi mnasema mimi si mgeni, mnakwenda kulala. Mimi nabaki macho." Anamgeukia mzee. "Unaogopa nikifa mtatazamana. Msitazamane. Nipelekeni kwa mama yangu, Kaporo, nyumba ya tatu kutoka kanisani. Sasa mnajua. Andika, baba."

Kisha mzee anapangusa maranda mikononi na kumtuma Tumpe ndani akalete karatasi na kalamu. Tumpe anakwenda akinung'unika kwamba alikuja kuchukua stuli tu.

Anaandika kwa nusu saa. Anapomaliza anaisoma kwa sauti. Inasema kwamba barua ya kwanza ilikosea, na kosa ni la mwenyekiti. Inasema Sekela Mwakikunga ni raia wa Malawi, mzaliwa wa Kaporo, na kwa uraia ni mgeni. Sentensi ya mwisho inasema: "Hapa mtaani hatumwiti hivyo."

"Hiyo ya mwisho itoe, baba," Sekela anaomba. "Wataniuliza maswali tena."

"Wakuulize," anajibu mzee. "Yako nimeandika. Hiyo ni ya kwangu." Anagonga muhuri.

Alhamisi asubuhi Sekela anaipeleka barua. Afisa anaisoma yote na kurudia mstari wa mwisho. Anaiweka kwenye faili na kumwambia faili sasa limekamilika, majibu atapigiwa simu kabla pasi haijaisha. Sekela anasema "ndaga", kisha anajirekebisha na kusema asante. Nje anakaa kwenye ngazi kwa muda mrefu, viatu amevivua.

Ijumaa ni siku ya Iringa, simu ikipigwa au isipopigwa. Anafika dukani kwa Veneranda saa tisa mchana, miguu imevimba kwa safari. Wanapanga makopo kwenye rafu. Juu ya makopo hayo kuna karatasi iliyoandikwa "Siagi ya Karanga" na uzito, basi. Miaka yote hajawahi kuweka jina la mtengenezaji.

Akipata kibali, anasema, atapanga chumba cha stoo hapa Iringa ili asibebe maboksi kila wiki, na Devotha atasimamia mashine siku ambazo yeye yuko safarini. Anataka pia kukaangia kwenye pipa la kuzungusha kwa mkono, aupumzishe mkono huu wa kulia. Lakini kitu cha kwanza ni lebo. Mpwa wa Veneranda huchapisha lebo, na Veneranda ameshachukua kalamu.

"Niandike jina gani?"

"Sekela Mwakikunga."

"Na chini yake? Mbeya?"

Sekela anafikiri. "Andika Iyunga, Mbeya. Halafu andika na Karonga."

"Zote mbili? Nafasi ni ndogo, mama."

"Fanya maandishi yawe madogo."

Veneranda anaandika. Kisha anauliza zichapishwe ngapi, maana zikianza kuchapwa hazirudishwi, na kibali bado hakijatoka.

Sekela anakaa juu ya boksi tupu na kuegemeza mgongo ukutani.

"Chapisha elfu moja," anasema. "Kama nikiondoka, Devotha atazimaliza."