Siku Wapishi wa Magogoni Walipoambiwa Hawajui Kupika

Mwanarehema alirudi Magogoni na shahada ya kompyuta, na imani kwamba hakuna shughuli isiyopangika. Ajira ilipokawia, akakiandikia programu kikundi cha wapishi wa harusi cha shangazi yake, Bi Zuleikha. Kila mpishi angeiuliza simu kazi yake, nayo ingemjibu.

Ndani ya programu mlikuwa na klasi iitwayo Mpishi. Klasi ni kama kalibu ya matofali: wapishi wote hutoka humo, na mmoja akiambiwa apike, hutazama kwenye klasi yake namna ya kupika. Klasi nayo hutazama kwenye metaklasi, inayoifundisha mambo yake yenyewe, kama kuunda mpishi mpya. Mwanarehema aliyajua haya hata usingizini. Lakini kwa haraka aliandika kupika kwenye metaklasi. Klasi ikajua kupika, wapishi wasijue.

Ikawa Ijumaa ya harusi ya binti wa Mzee Boga. Sufuria nne zilikuwa mekoni, na wageni mia nne wangekuja baada ya swala. Simu zote kumi na mbili zikajibu: Mpishi huyu hajui kupika.

Bi Zuleikha, mpishi wa miaka thelathini, alisoma mara mbili. Akaweka mwiko chini, akajifunga leso vizuri, akaketi mkekani.

"Mwanarehema."

"Abee, shangazi."

"Mimi sijui kupika."

"Unajua, shangazi. Ni programu tu."

"Wewe ndiye msomi. Nani ajuaye?"

"Klasi," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi mwite. Vitunguu vyamngoja."

Wenzake wakaketi pia. Pascalia, jirani kutoka bara, akavua aproni. "Miaka kumi Pwani, na leo nimelingana na Bi Zuleikha."

Mzee Boga akachungulia, akaona nyama mbichi. "Mkwe wangu akila mkate mkavu leo, wallahi nahamia Changamwe nikaishi na malori."

Mwanarehema akafungua kompyuta juu ya gunia la mchele na, kwa kiwewe, akahamishia kwenye klasi kila kilichokuwa kwenye metaklasi. Sasa wapishi walijua kupika. Walijua pia kuunda wapishi.

Bi Zuleikha alibonyeza mara moja, kujaribu, na programu ikachomoa jina la kwanza kwenye orodha ya wageni iliyokuwa humo. Simu ya Mzee Boga ikalia: Umekuwa mpishi. Menya vitunguu. Naye akawaunda ndugu zake, ndugu wakawaunda upande wa bwana harusi. Kufikia saa nne wapishi walikuwa mia nne na kumi na wawili, na orodha ya wageni ilikuwa tupu.

"Narekebisha, shangazi."

"Usiguse. Wiki jana nilimenya gunia zima peke yangu."

Wakamenya wote, na watu waliporudi kutoka msikitini, pilau ilikuwa imeiva. Mwanarehema akaitazama simu yake kwa huzuni. "Lakini chakula ni cha wageni, shangazi, na mgeni hatuna hata mmoja. Nani atakula?"

"Mpishi huonja," akasema Bi Zuleikha, akamkabidhi bwana harusi upawa.

Wakaonja wote, mpaka ukoko ukakwanguliwa.