Mstari Ulioachwa Kwenye Muhtasari

Shangazi yangu ni mtunza masjala wa mahakama, na ana ugonjwa mmoja: akishika faili, lazima ajue liliishaje. Ukimwagiza faili la talaka atakuletea, lakini kwanza atakuuliza kama yule mume alirudisha kabati. Mimi ni karani mahakama hiyohiyo. Kazi niliipata kwa usaili, si kwa mgongo wake, na asiyeamini shauri yake.

Siku hiyo alikuja fundi cherehani, mjane ambaye mlango wake pekee unatokea uani kwa jirani. Jirani alitaka kujenga ukuta. Ukuta ukisimama, fundi achague: kutokea dirishani au kuhama. Alikuja kuuliza tarehe ya hukumu, vipande vya uzi vimemganda begani.

"Keshokutwa, dada," shangazi akamwambia. "Ila ulimsikia wakili wa jirani yako. Ameleta kesi ya zamani ya Mahakama ya Rufani: anayepita kwa mtu kwa ruhusa tu, hana haki ya njia. Hakimu wetu wa chini hawezi kuwapinga wakubwa."

Fundi akafikiri kidogo. "Hivi huyo wa kesi ya zamani, yeye alikuwa na mlango mwingine?"

Shangazi hakujua, na kwake hilo ni jambo la kutangazwa redioni. Kesi hiyo alidhani anaijua, maana ilianzia mahakamani kwetu, na muhtasari wake aliuchapa mwenyewe alipokuwa karani mgeni. Mawakili huja, hunakili muhtasari, huenda zao. Habari za milango hakuna aliyewahi kuziuliza.

Akapanda ngazi, akashuka na faili limejaa vumbi, akaniita. Tukasoma pamoja. Kumbe mtu yule alikuwa na milango miwili, mmoja ukitazama barabara kuu! Na majaji waliandika wazi kwamba asiye na njia nyingine ya kutokea hafungiwi njia. Ndani ya faili kulikuwa na muhtasari ulioandikwa kwa mkono na msajili, na maneno hayo yamo. Kwenye ule uliochapwa hayamo.

"Niliruka mstari," akasema.

Nikamjibu, na mpaka leo naona aibu, "Shangazi, umebakiza mwaka mmoja ustaafu. Lirudishe tu mahali pake."

"Halafu yule mama atokee dirishani?"

Kesho yake asubuhi alipeleka nakala kwa hakimu na kwa pande zote mbili, pamoja na barua ya kukiri kosa. Hakimu akaziita tena pande hizo zijieleze. Wakili wa jirani akang'ang'ania kwamba muhtasari umefuatwa miaka ishirini na sita, iweje leo uachwe?

"Mimi nafungwa na walichoamua majaji," hakimu akamwambia. "Sifungwi na alichochapa karani."

Fundi akabaki na njia yake. Alimkumbatia shangazi pale koridoni mpaka miwani ikaanguka. Shangazi naye akapewa barua ya onyo, ambayo bila shaka aliisoma hadi mwisho.

Mimi nilidhani yameisha. Jioni nikamkuta mezani na mafaili tisa, yote ya kesi zilizoamuliwa kwa muhtasari ule. Alikuwa akitafuta kitu kimoja tu katika kila faili: milango mingapi. Saba walikuwa na njia nyingine. La nane nalo vilevile. La tisa lilikuwa la mama mwenye watoto wanne, mlango mmoja, ambaye alihama miaka kumi na minne iliyopita.

"Muda wa rufaa ulishapita," nikamwambia taratibu.

"Najua."

"Sasa utamsaidia nini?"

"Sijui, mwanangu. Lakini miaka yote hii anaamini sheria ndiyo iliyomtoa nyumbani kwake." Akainakili anwani mpya ya yule mama, iliyoachwa mwishoni mwa faili, kwenye kipande cha karatasi, akachukua mkoba wake, akaniomba nimsindikize.