Mgongo wangu na ng'ombe za mahari

Leo, hospitalini hapa Bunia, mgongo wangu umejadiliwa kama wa punda.

Nina mimba, na nina uvimbe pajani ambao lazima utolewe. Docta alinieleza vizuri: nikichomwa sindano ya ganzi mgongoni, ile wanaita rachi, nitabaki macho wakati wa upasuaji, na dawa kidogo sana ndiyo itafika kwa mtoto.

Kabla sijajibu, shangazi wa mume wangu, tunayeishi naye tangu vita vimfukuze kwao Djugu, akadakia:

"Docta, mumulaze usingizi tu. Mukiharibu mugongo, nani atalima? Siye tulitoa ng'ombe."

Nikamtazama mama yangu mzazi, nikingoja anitetee.

"Ni kweli, docta," akasema mama.



Docta akamgeukia mume wangu. (Kwa nini si mimi?)

Mpenzi wangu, jamani, huyu mwanaume niliyepewa, akajibu polepole: "Docta, uliza mwenye mugongo."

Nikachagua rachi. Miguu ikafa ganzi, uvimbe ukatoka, na sasa mtoto anacheza tumboni.

Mama ameniletea uji. Unapoa hapa pembeni.

Nyinyi mungeunywa?