Nilikaanga Samaki Kwenye Karai la Sala

Kosa ni langu, msimtafute mwingine. Nimelibeba hadi nimechoka, na mume wangu hataki tena kulisikia, ndiyo maana nawaambia ninyi msionijua. Majina yote nimeyabadilisha. Mkimaliza kusoma mnitukane tu, nimestahili.

Mimi ni Mkongo, mama wa watoto wawili, naishi Durban. Tulipofika Chatsworth, mtaa wa Wahindi, tulizunguka sana kutafuta chumba. Kila mlango tuliobisha, wakisikia tu lafudhi yetu, chumba kimeshapata mtu. Aliyetufungulia ni mama mmoja Mhindi, Mtamil, mjane. Nitamwita Anti, kama kila mtu hapa anavyomwita. Alitupa chumba cha uani, na baada ya muda akanipa na kazi ya kumsaidia kukaanga murku.

Kama huijui murku, ni vile vinyuzi vya unga wa mchele na dengu, vilivyotiwa jira na ufuta. Unga unakamuliwa kwa kikamulio cha shaba moja kwa moja kwenye mafuta ya moto, unajisokota huko ndani, unakaangwa hadi povu linyamaze. Ukiuma, jirani anasikia. Watu walitoka mbali kuja kuagiza murku ya Anti. Kikamulio kilikuwa cha mama mkwe wake, na hakuna aliyeruhusiwa kukishika ila yeye na mimi. Mimi, mtu wa kuja! Nilivimba kichwa kweli.

Anti alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, na mke wa huyo kijana nitamwita Priscilla. Alikuwa Mhindi vilevile, lakini amekulia kanisa la kilokole. Anti hakuipenda ile ndoa. Alipozaliwa mjukuu wa kike akalainika kidogo, akawa anamwekea vipande vya murku vilivyovunjika kwenye kopo lake mwenyewe. Mwaka ule Priscilla akakubali kushiriki sala za nyumba ya mumewe kwa mara ya kwanza. Aliisugua taa ya sala kwa ukwaju hadi ikang'aa.

"Nataka Ma anione mtoto wa hapa," aliniambia. Ma ndivyo alivyomwita Anti.

Alinipenda, yule dada. Tulikuwa tunacheka jikoni hadi Anti anatufukuza.

Sasa, wana mwezi wao wa mfungo. Mwezi mzima nyama, samaki wala yai haviingii katika nyumba ile, hata uani kwetu. Murku ya sala ina karai lake na mafuta yake mapya, na haionjwi. Hakuna kuonja hata punje mpaka iwekwe mbele ya taa. Yote haya nilikuwa nayajua, kwa hiyo sina cha kujitetea.

Ijumaa moja ya mfungo Anti alikwenda hekaluni, mwanawe alikuwa kazini, na Priscilla amekwenda kulala kwa mama yake. Alikuwa ameshamimina mafuta mapya kwenye karai, juu ya jiko la nje la gesi, tayari kwa sala ya kesho yake. Mchana huohuo shemeji yangu akatokea kutoka Johannesburg bila taarifa. Umeme umekatika, na sisi tunapikia umeme. Kwetu mgeni kama huyo humwekei chai na mkate ukamwambia karibu. Mume wangu alikuwa na samaki aliowanunua Pinetown, tumewaficha kwenye friji chini ya mboga.

"Kaanga tu mbio," akaniambia. "Anti haiko. Mafuta ni mafuta."

Nikakaanga. Shemeji akala, akasifu. Kisha nikayachuja mafuta kwa kitambaa, nikakaangia vipande vya viazi ili vivute harufu, nikasugua karai, nikayarudisha. Nikanusa. Nikajiambia hakuna kitu, kwa sababu nilitaka kusiwe na kitu.

Asubuhi Priscilla akarudi, akakanda unga, mimi nikasimama kwenye karai. Mafuta yalipopata moto, harufu ikarudi. Kidogo, lakini ikarudi. Ningeweza kusema palepale, Anti, mafuta haya tuyamwage, nimekosea. Angenigombeza sana, tungenunua mengine, basi. Badala yake nikamwambia Priscilla aongeze jira kwenye unga. Akaniuliza mbona nyingi hivyo, nikamjibu leo ni siku kubwa. Akaongeza, maskini, kwa mkono wake mwenyewe.

Ndugu walijaa sebuleni. Taa ikawashwa, murku ikapangwa mbele yake juu ya jani la mgomba, wakaomba. Ndipo ikagawiwa. Wa kwanza kuuma alikuwa wifi yake Anti, dada wa marehemu mumewe. Akaacha kutafuna. Akatema kiganjani.

"Hii ina samaki," akasema.

Macho yote yakamwendea Priscilla. Mimi hakuna aliyenitazama. Yeye ndiye wa kanisani, yeye ndiye aliyetoka kulala kwa mama yake, ambako wanakula kila kitu.

"Umetia nini kwenye unga?" Anti akamwuliza.

"Sijatia kitu, Ma. Jira tu. Muulize Mama Neema, tulikuwa pamoja."

Priscilla akanigeukia. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, alijua nitasema. Na mimi nikasema.

"Mimi nilikuwa kwenye karai, Anti. Unga sikuukanda mimi."

Hakuna uongo hata mmoja hapo, mnaona? Nimeyarudia maneno yale kichwani sijui mara ngapi, yote ni kweli, na yalimmaliza yule msichana.

Tuliporudi chumbani nilimwambia mume wangu naenda kusema. Akasimama mlangoni.

"Eish, Mama Neema, unyamaze. Tutaenda wapi na batoto? Nani atatupa nyumba tena? Hii maneno ni ya kwao, itaisha tu."

Haikuisha. Anti aliamini mkwewe amemchafulia sala kwa makusudi. Mume wa Priscilla, jitu zima, alikaa kimya kama mimi. Kila siku neno, kila siku kununiana, mpaka Priscilla akamchukua binti yake akarudi kwao Pinetown. Wakaachana. Yule bwana ameshaoa tena. Anti akaacha kukaanga murku kabisa. Kopo la mjukuu liko palepale jikoni, na mimi ndiye ninayelifuta vumbi.

Miaka ikapita. Mwaka huu nikakutana na Priscilla Pinetown, kwenye foleni ya taxi. Nilitaka kujificha, akaniwahi, akanikumbatia. Mtoto amekuwa mrefu.

"Katika nyumba ile yote," akaniambia, "wewe peke yako hukunisema vibaya."

Taxi yake ikaja, akapanda. Mimi nikabaki pale stendi nalia na watu wananitazama.

Siku hiyohiyo nikaenda kwa Anti. Nikapiga magoti, nikaeleza kila kitu: shemeji, samaki, kitambaa, viazi. Anti alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanishika kichwa.

"Una moyo mzuri, binti yangu," akasema. "Wengine waliniambia nimsamehe tu. Wewe umekubali hata kujichafua kwa ajili yake."

Nikaapa. Nikaapa kwa watoto wangu. Akatikisa kichwa, akatabasamu kwa huruma. "Basi. Usimbebee dhambi yake."

Akainuka polepole, akaniletea kikamulio kimefungwa kwenye kitambaa. Mikono yake haina nguvu tena, akasema, na hana mkwe wa kumwachia. Nikichukue mimi, niliyekiheshimu siku zote.

Nilimpigia simu Priscilla. Yeye aliniamini tangu neno la kwanza. Akauliza jambo moja tu.

"Nilipokugeukia siku ile, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akakata. Namba yangu haiingii kwake tena, na sina la kumlaumu.

Jamani, nawaomba. Ukikosea kwenye nyumba ya mtu, sema siku ileile. Sema wakati bado anaweza kukukasirikia. Ufukuzwe, ulale nje na watoto, utapata pengine. Mimi nilisubiri, na niliposema, aliyepaswa kuniamini hakuniamini, na aliyeniamini hanitaki, na wote wawili wana sababu.

Kikamulio kiko juu ya kabati langu. Sikigusi. Anti huniuliza nitakaanga lini, namwambia kesho. Leo asubuhi nilipita chini ya dirisha lake akiwa anasali. Nilimsikia anataja jina langu na la mume wangu, anatuombea baraka, mbele ya taa ileile aliyoisugua Priscilla.