Neno Asilolisoma

Msomaji habari wa redio yetu huvua saa isigonge meza, akakohoa kidogo, kisha hufuata mistari kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Siku aliyonguruma, "Mlipuko wa kipindupindu!" mama yake alijibanza chini ya kitanda akisubiri kishindo, maji ya kunywa hata hakuyachemsha. Tangu hapo, karatasi ikija na "mlipuko", neno hilo hulifuta kwa kalamu.

"Soma kama ilivyoandikwa, bwana!" mhariri hufoka.

"Sawa, mkuu."

Taa nyekundu ikiwaka, nami namwona kupitia kioo akiisogelea maikrofoni kana kwamba ni sikio la mtu. "Kipindupindu kimeingia mtaani. Hakuna kitakacholipuka, mama. Toka huko, ubandike maji."