Brashi Iliyoanguka Istanbul

Nakumbuka siku moja kwetu Witeithie, karibu na Thika, mwanangu, nilipotangaza kwamba ninaenda Uturuki kusomea kazi ya hoteli. Baba yangu mdogo Njoroge alicheka mpaka chai ikamwingia puani. Akasema nitaibiwa nikiwa bado natafuta choo cha uwanja wa ndege, nirudi nyumbani na soksi moja. Wenzake wakaongeza kwamba kijana anayepotea Juja, hapo jirani tu, hawezi kufika popote. Leo nyumba yangu ya wageni iko Ruiru, ya ghorofa, na diploma yangu nimeitundika mapokezi mahali ambapo huwezi kuikosa hata ukitaka.

Sikuwa mshamba. Nilikuwa nimebeba sahani katika hoteli moja karibu na maporomoko ya Chania, nikiwaona wageni wakiwekewa kinyonga begani na vijana wetu. Mgeni anacheka, anapigwa picha, kisha anaambiwa kinyonga naye hulipwa. Sisi jikoni tulishika mbavu. Kwa hivyo niliposhuka Istanbul nilijiona mwalimu wa mambo hayo.

Ndani ya koti nilikuwa na bahasha ya karo. Haikuwa pesa yangu. Ilikuwa ya shangazi yangu wa Kamenu, ya akina mama wa chama cha kanisani, na ya Cucu Wambui, nyanya mkongwe jirani yetu. Ilitakiwa chuoni siku hiyo hiyo, la sivyo nafasi yangu ipewe mwingine.

Nikiwa njiani kwenda chuoni, mzee mmoja mng'arisha viatu alinipita na sanduku lake begani. Brashi ikaanguka. Akaendelea na safari kama hakusikia. Sasa niambie, mtoto aliyelelewa kwetu afanye nini? Mzee ameangusha chombo cha kazi! Nikaiokota, nikamkimbilia, nikampa kwa mikono miwili.

Alifurahi karibu alie. Akasema lazima anishukuru, akanikalisha kwenye kigoda, akaushika mguu wangu. Nikakataa kidogo, lakini kwetu shukrani ya mzee huikatai mara mbili. Akapaka rangi, akasugua, akaniuliza habari za mama. Alipomaliza akataja bei. Mwanangu, kwa bei hiyo ningenunua viatu vipya na vya kwako juu. Akasema wanawe ni wagonjwa, na wenzake wawili wakaja wakasimama karibu. Hapo nikafanya kosa: sikuwa na noti nyingine mfukoni, nikaitoa ile bahasha nichomoe moja. Macho yake yakatua juu ya bahasha, na bei ikapanda pale pale; ndipo nikajua brashi ile iliangushwa makusudi.

Nikamwona Njoroge akilini, na chai puani. Nikairudisha bahasha, nikafunga koti, nikakaa vizuri kwenye kile kigoda kama mwenye duka.

"Baba," nikamwambia kwa Kiingereza alichokielewa, "nani alikuagiza unipake rangi?"

"Hakuna. Ilikuwa shukrani."

"Na nani aliniagiza niokote brashi?"

"Hakuna."

"Basi hata mimi nina bei. Kuokota na kukimbia, ni sawasawa na hiyo yako. Tumelipana."

Mmoja wa wenzake akaanza kucheka. Muuza mikate aliyekuwa kando akawatafsiria wapita njia, nao wakasimama kufurahia. Mzee alijaribu kukaza uso, ukamshinda.

"Unatoka wapi wewe?"

"Thika."

"Na huko wote wako hivi?"

"Mimi ndiye mpole wao."

Akanipungia brashi niondoke. Nilifika chuoni dirisha la karo likiwa bado wazi, viatu viking'aa kuliko vya mkuu wa chuo.

Sasa sikiliza, wewe unayefunga mabegi. Kazi ambayo hukuagiza, isimamishe uulize bei kabla haijaanza, hata kama anayeifanya ana mvi na anakuita mwanangu. Kuuliza si utovu wa adabu. Pesa ya matumizi ikae mfuko wake. Ile ya maana ikae mahali ambapo mkono wako pekee unapajua, wala usiitoe barabarani, hata mtu akijiita polisi anayekagua noti bandia. Mwambie mwende kituoni. Teksi, mkubaliane kabla mlango haujafungwa. Anayekwambia hoteli yako imefungwa na anajua nyingine nzuri, mshukuru, kisha nenda ukajionee. Na bado uokote vitu vya watu, maana hatukukulea uwe jiwe. Okota, mpe mwenyewe, tembea.

Mimi nilimaliza masomo, nikafanya kazi, nikarudi kujenga. Nyumba ya wageni iliposimama niliwaita Ruiru wote walionikopesha, nikachinja mbuzi. Shangazi nikamlipa, akina mama wa chama nikawalipa, wakaimba hadi majirani wakaja kuuliza nani anaoa. Wa mwisho alikuwa Cucu Wambui. Alipokea yake, hakuihesabu, akaiingiza chini ya sweta. Kisha akanitemea mate kifuani, kama wazee wetu wanavyobariki, akasema popote nitakapokanyaga ardhi inijue. Baraka hiyo sasa naitema kifuani mwako, mwanangu. Uende salama, ucheke na watu wa huko, na Mungu akurudishe kwetu mikono ikiwa imejaa.