Botolobrashi za Upande Wake

Niliporudi kutoka chuoni na stashahada ya kilimo cha bustani, niliamini kwamba kupanda mti mahali unapostahili ni tendo la haki. Kwa hiyo, nilipopewa nusu ya uwanja wa zahanati moja huko Uriri, na nusu nyingine akapewa kijana aliyejifunza kazi katika kitalu cha mama yake kando ya barabara ya Oyugis, sikuwa na shaka ni nani kati yetu atakayebakizwa kuwa mtunzaji wa kudumu.

Sote wawili tulipanda botolobrashi fupi, kichaka kisichofika kiunoni, chenye maua mekundu mithili ya brashi ya kusugulia chupa. Nilipima nafasi kwa kamba. Niliandika daftarini kwamba wekundu ule si wa petali bali wa nyuzi za stameni, na kwamba mmea huu hutaka jua kamili na udongo usiotuamisha maji. Kisha nikaupanda chini ya paa lisilo na mfereji, mahali maji ya mvua yalipomwagikia na kutuama. Yeye alipanda kwa macho tu, akifuata njia ambayo akina mama wajawazito walikuwa wameikanyaga wenyewe.

Vichaka vyake vilishika. Kila asubuhi ndege chozi walipita juu ya vichaka vyangu bila kutua, wakaenda kwake kunyonya nekta. Sista aliyesimamia zahanati alinywea chai yake pale pale. Nilianza kufika kazini mapema ili nisimkute akitabasamu upande ule.

Wiki mbili kabla ya kufunguliwa kwa wodi ya wazazi, kijana alinijia na makasi begani. Kwetu mgeni hapokelewi palipo na ua wenye manyoya, yaani usiopogolewa. Hata ojuok, ile minyaa tunayozungushia boma, hunyolewa ikawa bapa kama meza.

"Mwalimu," alisema. Aliniita hivyo tangu siku ya kwanza, nusu heshima, nusu mzaha. "Wewe ndio umesoma. Hii kitu nikinyoa saa hii, itakuwa sawa siku ya wageni?"

Nilitazama matawi yake. Karibu kila ncha ilibeba matumba. Botolobrashi huchanulia huko huko nchani. Ukiikata wakati wa matumba, umeyakata maua yenyewe.

"Nyoa tu," nikasema.

"Iwe bapa kama ojuok?"

"Bapa kabisa."

"Asante, omera, ndugu yangu. Wengine wakisoma wanaficha."

Siku ya ufunguzi upande wake ulikuwa kijani mtupu, umenyooka kama sanduku. Vichaka vyangu vilivyodumaa vilikuwa na maua machache, na wageni wakapigia picha hapo. Nilichokitaka kilikuwa kimetimia. Wageni walipoondoka, Sista alimwita kijana mbele yangu.

"Maua yangu yako wapi? Nani alikwambia ukate?"

"Ni mkono wangu, Sista. Nilitaka pawe safi."

Hakunitazama. Jibu lilimtoka bila kulipima, na nikamwonea wivu kwa hilo kuliko nilivyowahi kumwonea kwa maua.

"Ni mimi," nikasema. "Aliniuliza, nami nikamdanganya."

Kijana alinigeukia. "Kumbe ulijua?"

"Nilijua."

"Ai, mwalimu! Si ungesema tu hutaki nipate kazi?"

Sista alimkabidhi yeye kazi jioni ile ile. Mimi nilipewa asubuhi moja ya kukusanya vifaa vyangu. Nilipokuwa nikifunga kamba yangu ya kupimia, kijana alikuja akasimama kando ya vichaka vyake, makasi mkononi.

"Sasa niambie ukweli. Hizi zinakatwa lini?"

Nikamwambia: maua yakishanyauka, nyuma kidogo tu ya ua lililokufa, pasipo kushuka hadi kwenye sehemu ngumu ya tawi isiyo na majani. Alirudia kila neno polepole, kama anayeniamini bado. Nilimwonyesha mahali pa kukata, kwa kidole, kwa sababu sikutaka kuyashika makasi yake.